Namba za Chaki za Mzee Luhaga

Mlango wa mashine ile ulikuwa wa bati, mpana kama wa kabati la nguo, na kwa miaka minane ulikuwa umeandikwa namba kwa chaki. Zilifutwa kwa kiganja na kuandikwa upya kila Luhaga Mihayo alipotoka kunoa visu. Mgeni aliyeingia katika karakana ile ya Igoma angedhani ni uchafu tu. Wenyewe walijua kuwa bila namba hizo mashine haijui ncha ya kisu chake iko wapi.

Luhaga alikuwa mtu wa Kisesa, mtoto wa mfugaji. Aliingia karakana ya shirika la umma akiwa kijana wa kufagia, akafundishwa kukereza chuma kwa mashine ya mkono, na kwa miaka ishirini mikono yake ikawa na akili kuliko kichwa chake, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Mwaka 1987 ikaja mashine ya kompyuta, zawadi kutoka Ulaya, na yeye akapelekwa huko miezi minane kuisomea. Alirudi na koti zito ambalo hakulivaa tena maishani, na msemo mmoja ambao hakuuacha kamwe: hewa kwanza, chuma baadaye.

Maana yake ilikuwa hivi. Mashine ya mkono humtii aliyeishika. Ile nyingine hutii maandishi. Fundi huandika njia ya kisu mstari kwa mstari: njoo hapa, teremka, kata, rudi nyuma, nenda kwa kasi kule. Ukikosea mstari mmoja haikuulizi. Kwa hiyo kila njia mpya, Luhaga aliivuta nyuma kwa upana wa kiganja, mbali na chuma na mbali na taya zinazokishika, kisha akaiacha mashine ikate hewa tupu huku yeye akitazama. Akiridhika, ndipo alipoirudisha kwenye chuma. Ilipoanza kukata alifumba macho, akasikiliza, akapiga mluzi mwembamba wa wachunga ng'ombe.

"Mzee, kompyuta haipigiwi mluzi," alimtania Teodora siku ya kwanza.

"Ninyi Wahaya bwana! Mnataka hata chuma kiulizwe kwa Kiingereza."

"Angalau sisi hatuichungi."

Teodora Rugemalira alitoka Kamachumu, msichana wa chuo cha ufundi, mwenye mwandiko mdogo ulionyooka kama mshono wa cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa akibonyeza maandishi kwenye kompyuta. Na kazi hiyo ilirudiwa kila asubuhi, kwa sababu betri iliyokuwa ikiitunzia mashine kumbukumbu ilikufa mwaka 1990 na nyingine haikupatikana. Umeme ukikatika, mashine ilisahau kila kitu. Njia za visu zilikuwa katika daftari la Teodora. Urefu wa visu ulikuwa mlangoni, kwa chaki, kwa sababu huo ulibadilika kila siku: ncha za kigeni zilikuwa zimekwisha, na Luhaga alinoa visu vya kienyeji kwa mkono. Kila kikinolewa kilifupika, na kompyuta ilipaswa kuambiwa kimefupika kiasi gani.

Teodora ndiye aliyegundua kwanza. Namba za mlangoni zilikuwa zikikua. Mwaka 1991 zilikuwa na ukubwa wa kidole. Mwaka 1993 zilikuwa kama kiganja. Kufikia 1995 namba moja ilichukua nafasi ya tatu za zamani, na Mzee aliacha kusoma mwenyewe maikromita, kile kipimo cha unene wa chuma. "Hebu nisomee hiyo," alikuwa akisema, "mikono yangu ina mafuta." Mikono yake siku zote ilikuwa na mafuta.

Siku moja mchana, wengine wakiwa kwenye chai, Teodora aliinua vidole vitatu mbele yake.

"Vingapi, Mzee?"

"Vya kutosha kula ugali."

"Mzee!"

"Ni ukungu tu, mwanangu. Kama ule wa ziwani asubuhi. Tofauti ni kwamba huu hauondoki jua likipanda."

Alijua dawa yake. Mtoto wa jicho hutolewa. Lakini ili kwenda hospitali kwa gharama za shirika ilibidi fomu isainiwe ofisini, na mwaka ule ofisini hapakuwa na mtu asiyejua kuwa karakana inauzwa. Orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa ilikuwa ikiandikwa kwa penseli, ikifutwa na kuandikwa tena. Fundi asiyeona angekuwa jina la kwanza. Kwa hiyo Teodora akawa macho, Luhaga akawa masikio na mikono, na kazi ikaendelea kutoka ikiwa safi: shafti za pampu, bushi za mashine za pamba, pini za injini za boti. Hakuna aliyerudisha kitu.

Mwezi wa nane Jonathan, mkuu wa karakana, aliwaita wote. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa na moyo mdogo, asiye mbaya. Alisema mnunuzi atakuja Alhamisi kutoka Dar. Ana mpango wa kuendeleza karakana ikiwa mashine ya kompyuta inafanya kazi kweli. Ikiwa haifanyi, ananunua jengo na kiwanja tu.

"Kwa hiyo ni shafti moja," alisema Jonathan. "Shafti moja mbele ya macho yake, na watu ishirini na wawili tunabaki. Mzee Luhaga, unasikia?"

"Kusikia nasikia," alijibu Luhaga, na Teodora peke yake ndiye hakucheka.

Jumatatu na Jumanne waliiandaa. Ilikuwa shafti ya pampu yenye mabega mawili, yaani ngazi mbili ambapo unene wake hubadilika. Bega la mwisho lilikuwa karibu mno na taya, kiasi kwamba kisu namba tatu kilipaswa kusimama milimita nne tu kabla ya kuzigonga. Njia iliandikwa, ikajaribiwa hewani, ikakata shafti ya mazoezi. Ilitoka ikimetameta. Luhaga aliipapasa bega hadi bega, akasema, "Hii hata mama yangu angeikubali, na yeye alikuwa hakubali kitu." Jumatano asubuhi alikinoa kisu namba tatu kwa mara ya mwisho, Teodora akapima, na Luhaga akaandika mlangoni namba mpya, kubwa kama sahani.

Saa nne simu ilipigwa ofisini kutoka Bukoba. Mama yake Teodora amefariki.

Alipotoka ofisini alimkuta kibarua na kopo la rangi ya kijani mbele ya mashine. Jonathan alikuwa ameagiza ing'arishwe kwa ajili ya mgeni. Nusu ya mlango ilikuwa tayari imekwisha. Teodora, machozi yakimdondokea daftarini, alinakili upesi namba zilizokuwa zimebaki na zile alizozikumbuka. Ukurasa ulikuwa umejaa, akaziandika pembeni, mahali pa wazi palipobaki.

"Ziko hapa, Mzee. Ukurasa wa mwisho, pembeni. Nimwambie Jonathan akusomee kesho?"

"Ukimwambia, umenizika pamoja na mama yako."

Kisha akajuta kwa ukali wa neno lile. Akamshika bega. "Pole, mwanangu. Nenda kamzike mama. Meli haingoji. Daftari nitalisoma."

Alhamisi mnunuzi alifika na watu wawili waliovaa tai. Alikuwa mtu mpole, akasema "Shikamoo, Mzee," na Luhaga akajibu "Marahaba" akielekea upande ilikotoka sauti. Mlango wa mashine ulinuka rangi mbichi. Luhaga alikuwa amefika tangu saa kumi na mbili, akabonyeza njia yote kwa kichwa, kwa maana mistari ile aliijua kama sala. Kilichobaki ni urefu wa visu. Kisu cha kwanza na cha pili alivikumbuka. Cha tatu kilikuwa kimenolewa jana ileile, na kwa haraka ya msiba namba haikuwa imetulia kichwani. Sitini na ngapi? Alilisogeza daftari dirishani. Akalisogeza puani. Mwandiko wa Teodora ulikuwa mstari wa siafu katika ukungu. Sitini na tatu, au sitini na nane.

"Mzee, nikusomee?" Jonathan alikuwa nyuma yake.

Hapo ndipo palipokuwa pa kupona. Neno moja tu, "nisomee", na shafti ingetoka. Luhaga aliwasikia wale wenye tai wakinong'ona. Alifikiri juu ya orodha ya penseli.

"Nani kakwambia sioni?" alisema. "Sogea, unanizibia mwanga."

Akaandika sitini na tatu.

Hata hivyo hakuacha desturi yake. Aliivuta njia nyuma kwa upana wa kiganja, akaiacha ikate hewa. Kisu kilikwenda, kikateremka, kikarudi. Kilipofika mahali pa karibu kabisa na taya aliisimamisha mashine, akaingiza kiganja katikati ya ncha na taya. Kiganja kiliingia. Lakini kiganja hakijui milimita tano. Na hewa haina sauti: masikio yaliyokuwa yamemwokoa miaka yote hayakuwa na cha kusikiliza.

"Safi," alisema Luhaga. Akairudisha njia mahali pake, akafunga shafti kwenye taya, akabonyeza kitufe.

Bega la kwanza lilikatwa vizuri. Alianza kupiga mluzi. Mnunuzi alitabasamu, mmoja wa wenzake akaandika kitu. Kisu namba tatu kilishuka kwenye bega la pili, na Luhaga aliisikia sauti kabla wengine hawajaona chochote, chuma kikiguswa na chuma kisichokuwa chake. Mkono wake uliruka kwenye kitufe chekundu. Uliwahi, lakini taya zilikuwa zinazunguka mara elfu moja kwa dakika. Kisu kilivunjika, kichwa kinachoshika visu kikapinda, mlango mpya wa kijani ukabonyea kutoka ndani. Kisha kimya, na matone ya maji ya kupozea yakidondoka.

Hakuna aliyeumia. Mnunuzi alisubiri kwa adabu, akaangalia saa, akamwambia Jonathan, "Basi tutazungumzia jengo."

Jonathan alimfokea kibarua wa rangi, kisha akataja jina la Teodora, mwandiko wake, msiba wake. Luhaga akamkata.

"Acha mtoto wa watu azike. Namba niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Sioni, Jonathan. Mwaka wa nne huu sioni."

Mwezi wa kumi karakana ikafungwa. Mashine ilikatwa vipande kwa gesi ikauzwa chuma chakavu, na jengo likawa ghala la mitumba. Watu ishirini na wawili walitawanyika, wengine Buzuruga kuuza spea za baiskeli, wengine makwao. Luhaga alirudi Kisesa kwa mkewe Tereza. Wala hakuna aliyekuja kumlaumu, na hilo lilimwia zito kuliko lawama. Waliopita njiani walimsalimu kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita penye msiba.

Mwaka uliofuata walifika madaktari wa macho katika hospitali ya misheni, hawakudai fomu wala sahihi ya mtu. Tereza alimwongoza kwa fimbo hadi kitandani. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kiganja chake mwenyewe, mistari yake yote, na weusi wa mafuta ambao haukuwa umetoka. Alikitazama muda mrefu. Muuguzi akadhani analia kwa furaha.

Teodora alifika Kisesa Jumapili moja, amevaa gauni la kanisani, na daftari lile mkononi. Hakuwa amemwona tangu siku ya meli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kumbe una kovu kwenye nyusi! Miaka yote hiyo sikulijua."

Teodora alijaribu kucheka, ikashindikana. Alikaa kwenye kigoda, akasema kile alichokuja kusema. "Ningeandika kubwa. Nilijua macho yako yalivyo, nikaandika ndogo, tena pembeni. Kila siku naiona ile pembe ya karatasi."

Luhaga alinyoosha mkono. Alilifungua daftari ukurasa wa mwisho na kulishika mbali kidogo, kama wasomavyo watu wenye macho. Namba ilikuwepo, pembeni, karibu na tone moja la chozi lililokauka bila kuigusa. Sitini na nane. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeisoma.

"Mwandiko mzuri huu," alisema. "Jonathan angeisoma akiwa amesimama mlangoni. Nilimkatalia, Teo. Hukukosea wewe."

Akarudi mwanzo wa njia. Kwa mara ya kwanza aliisoma kwa macho yake mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa sauti, na mkono wake wa kulia ukaanza kwenda: njoo hapa, teremka, kata, rudi. Kidole chake kilipita hewani mbele ya uso wa Teodora, kikakata bega la kwanza, kikashuka kwenye la pili. Kikasimama. Kati yake na taya ambazo hazikuwapo zilibaki milimita nne kamili.

Tereza alitoka na sahani za michembe ya viazi vitamu, akawakuta hivyo, mzee na mkono juu, msichana amejifunika uso kwa kitenge. Hakuuliza. Aliweka sahani chini, akarudi jikoni kuleta maji ya kunawa.