Ahadi Ambayo Mmisionari Hakuitoa

Kwa miaka kumi na tisa Mdomo alikula kwa kusema maneno ya mtu mwingine. Kanisa zima lilimwita hivyo kwa sababu mmisionari, mzee mrefu aliyekuja kutoka mbali na masanduku sita ya vitabu, hakuweza kuomba hata chumvi bila mkalimani huyu pembeni yake. Mmisionari naye alibandikwa jina lake: Baba Karatasi. Alihubiri kwa kusoma, karatasi kumi na mbili kila Jumapili, na mtu akipiga chafya alirudia mstari.

Si kwamba Baba Karatasi alikosa imani. Alikuwa nayo, tena ya kweli, ila ilikuwa imepoa kama chai iliyosahaulika mezani. Mungu wake alikuwa mpole mno: alibisha hodi, akasubiri, na asipoitikiwa akaondoka akiomba radhi. Watu walisinzia. Ndipo Mdomo, kwa huruma tu, alipoanza kutia chumvi. Mmisionari akisema "labda", yeye alisema "hakika". Akisema "tunatumaini", yeye alisema "tumeshapata". Polepole Mungu wa Mdomo akazoea kuingia kwa kupiga mlango teke, na kanisa likajaa hadi watu wakasikiliza wakiwa madirishani. Baba Karatasi aliwaandikia waliomtuma kwamba Roho anatenda kazi. Roho mwenyewe alisimama kushoto kwake, amevaa koti la kuazima.

Mzee alipenda kumfananisha Mdomo na yule kaka wa nabii katika Biblia, aliyepewa kazi ya kumsemea mdogo wake mwenye ulimi mzito. Mdomo alitabasamu kila mara. Hakuna aliyekumbuka kwamba kaka huyohuyo, alipoachwa peke yake na watu wenye hamu, ndiye aliyeyeyusha hereni zao akawafinyangia ndama wa kuabudu.

Sasa ndama alikuwa amekuja kudai majani, wodi ya wanawake, kitanda cha nne.

Hapo alilala mke wa Mdomo, tumbo limejaa kama la mimba ya miezi saba, na haikuwa mimba. Daktari bingwa wa upasuaji alifika hospitali hiyo mara moja kwa mwezi, na siku yake ilikuwa leo. Orodha ya wagonjwa wake ingefungwa saa sita mchana. Uvimbe ukitolewa leo, kuna nafasi. Ukingojea mwezi ujao, daktari alisema akitazama viatu vyake, hatakuwa na kazi ya kufanya. Fomu ya kukubali ilikaa juu ya kabati la chuma, kalamu juu yake. Mgonjwa hakutaka hata kuigusa.

"Mmisionari alisema," alimjibu kila aliyembembeleza. Na kweli yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo, kwa mwandiko wa mtu anayenakili sheria: Amwaminiye Mungu, kisu cha mwanadamu hakitamgusa. Na tarehe, ya miaka minane nyuma.

Mdomo aliikumbuka Jumapili ile kama mtu anavyokumbuka mahali alipovunjikia mguu. Baba Karatasi alikuwa ukurasa wa tisa, akisoma habari za saburi, kwamba Mungu hakutuahidi kutuepusha na maumivu, aliahidi kuwa nasi humo ndani. Viti vya nyuma vilikuwa vinapiga miayo. Sentensi ya kisu ilimtoka tu, ya moto, tamu, na kanisa likasimama likipiga makofi. Mmisionari, ambaye hakuwahi kushangiliwa kwa ajili ya saburi, alilengwalengwa na machozi. Mke wa Mdomo alikuwa safu ya kwaya.

Saa tano na nusu Mdomo akamleta mzee wodini. Njiani alimweleza kwamba mama anaogopa upasuaji, basi amtie moyo. La kisu akalimeza. Baba Karatasi akakaa kwenye kiti cha plastiki, hana karatasi hata moja, akasema taratibu kwamba mikono ya madaktari nayo ni ya Mungu. Kwamba yeye mwenyewe alishapasuliwa mara mbili, na mara zote mbili aliogopa. Kwamba hajui kama mama atapona. Na Mdomo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, akatafsiri neno kwa neno, hakuongeza hata punje.

Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akageukia ukuta.

"Baba watoto, usimsingizie mzee. Kwani mmisionari simjui? Yule hana labda."

Mama wa kitanda cha tatu akadakia kwamba naye ameshangaa, mahubiri gani haya hayana hata moto. Baba Karatasi akauliza wanasemaje. Wanashukuru, Mdomo akamwambia, maana mazoea yana taabu.

Muuguzi akapita, akamwambia Mdomo kwamba zimebaki dakika ishirini.

Mdomo akapiga magoti kando ya kitanda, na haikuwa kwa sala. "Ile ya kisu ni yangu," akasema. "Mzee hakuisema. Niliona mnasinzia."

Mkewe akageuka polepole. "Na ile ya siku tuliyomzika mama, iliyoniinua?"

"Yangu."

"Na ya mtoto alipopotea?"

"Yangu pia."

Alimtazama kama mtu anayemtazama mpangaji. "Kumbe miaka yote naitikia amina kwa mume wangu. Na nyumbani unakuja, unakula, unasema umechoka kuongea." Akavuta pumzi, ikamuuma. "Haya, sema sasa. Wewe. Bila mzee."

Mdomo akafungua kinywa. Akageuka kumtazama Baba Karatasi, angoje sentensi. Mzee, ambaye hakuelewa kitu, naye akamtazama yeye.

"Naogopa," Mdomo akasema. "Sijui kama utapona. Sijui kama Mungu ananisikia. Sina lingine."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Baya kweli. Hata mzee amekushinda." Akanyoosha mkono apewe kalamu, akasaini. "Usidhani ni imani. Imani yangu umeshaila. Daktari nampa tumbo, sina kingine."

Wauguzi wakamsukuma kwa kitanda cha magurudumu, wakampitisha mlango wa kuelekea chumba cha upasuaji. Kwenye benchi la korido Baba Karatasi akauliza mama alisema nini hasa, na Mdomo akamtafsiria yote, mpaka la kisu.  Mzee akauliza, katika miaka kumi na tisa, watu walisikia kipi kilichokuwa chake.

"Salamu," Mdomo akasema. "Salamu zilikuwa zako zote."

Mzee hakukasirika; angekasirika, ingekuwa nafuu. Aliinamisha kichwa, akaanza kuomba kwa lugha yake, akakwama katikati. Mdomo akasubiri amalizie. Hakumalizia. Nyuma ya ule mlango magurudumu yalisikika kidogo, kisha hayakusikika tena.