Dude Lililoitwa Madam

Severina akianza habari za madude ya Kijapani, mimi huinuka kwenda kutafuta chai. Nampenda, ni rafiki yangu tangu tulipopanda ndege moja kuja Dubai, lakini mtu mzima kukaa saa nzima akieleza jinsi mjusi mrefu kama mnara alivyotoka baharini akala daraja, huko ni kuchoshana. Tena hataki filamu za siku hizi zinazotengenezwa kwa kompyuta. Anataka zile kuukuu, ambamo unaona kabisa kuwa mjusi ni mtu aliyevikwa mpira, na maghorofa ni maboksi yaliyopakwa rangi.

"Ndiyo utamu wenyewe," huniambia. "Yule mtu mle ndani jasho linamtoka, haoni mbele, mkia unamwelemea, na bado anaangusha mji mzima. Wewe ungeweza?"

Siwezi. Mimi napiga pasi kwenye duka la dobi huko Naif, jasho ninalo tayari.

Ugonjwa huo aliupatia Ifakara, kwenye kibanda cha video cha mjomba wake. Mjomba alikuwa akitafsiri filamu kwa kipaza sauti, za Kichina, za Kihindi, za Kijapani, na hakujua hata lugha moja kati ya hizo. Alibuni tu. Mkuu wa majeshi akifoka, mjomba anasema anamgombeza mkewe kwa kuunguza ubwabwa. Watu walivunjika mbavu, na Severina akaiiba kazi ile akiwa bado anavaa sare za shule.

Hapa Dubai anamtunza bibi mmoja, Bi Rayya, kwenye ghorofa huko Al Jaddaf. Ni mama mzazi wa mwenye nyumba. Miguu imemchoka, hatoki, na kwa Severina alikuwa akisema Kiarabu cha neno mojamoja huku akionyesha kwa kidole. Jib mai, lete maji. Khalas, basi. Mchana madam, mkwewe, akiwa kazini, wawili hao hukaa mbele ya televisheni. Siku moja Severina akaweka filamu ya dude. Kijapani kitupu, hakuna maandishi. Bibi akaanza kupiga miayo. Severina akashika rimoti kama kipaza sauti, akaanza kutafsiri kwa Kiswahili, kujifurahisha mwenyewe.

Dude akaliita Madam. Mkuu wa majeshi akawa Arbab, yaani bwana mwenye nyumba. Wataalamu wenye miwani wakawa watu wa ofisi ya wakala aliyemleta.

"Madam kaamka vibaya leo! Kakuta vumbi juu ya kabati! Arbab anaita vifaru, vifaru navyo vinamwogopa!"

Bibi alicheka mpaka machozi. Severina akadhani anamcheka mtu wa mpira aliyejikwaa kwenye mkia wake. Tangu hapo ikawa kila mchana lazima dude litoke baharini.

"Utakuja kuumbuka," nilimwambia.

"Nani pale anajua Kiswahili?"

Huo ulikuwa mchezo wake, lakini moyoni alikuwa na jambo zito. Binti yake, Redempta, alikuwa anakaribia kupata kipaimara kule Ifakara, na Severina hajamtia machoni tangu aondoke. Wakala alimpeleka kazini kama mtu asiye na mtoto, kwa hiyo sababu yenyewe hakuweza kuitaja. Aliomba likizo tu. Madam akasema inshallah. Akaomba tena, inshallah. Sisi wa hapa tunajua kuna inshallah ya kumtegemea Mungu na kuna inshallah ya madam, na hii ya pili maana yake usinisumbue. Akawa anampigia mtoto simu kutoka jikoni, anamwongopea kwamba safari imeiva, akishakata simu analia na kitunguu mkononi ili apate cha kusingizia. Nilimkasirikia madam yule mpaka nikaunguza kanzu ya mteja.

Basi mchana mmoja madam akarudi mapema. Sebuleni Severina alikuwa amepandisha moto.

"Madam huyooo! Madam kakanyaga mnara wa umeme! Kimbieni, Madam hana breki!"

Kiswahili chote kilimpita madam masikioni, ila neno moja hilo ni lake, halihitaji mkalimani. Akasimama mlangoni.

"Unaniita?"

Severina akakauka. Kwenye televisheni dude likanguruma.

"Kwa nini unasema madam, madam?" Madam akaweka mkoba chini, akaketi. "Unamwambia nini mama?"

Ndipo Bi Rayya akageuka, akasema kwa Kiswahili cha Mkunazini kilichonyooka kuliko changu:

"Mbona umenyamaza, mwanangu? Endelea, ndo kwanza lafika mjini."

Kilichomtoka Severina kilikuwa "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu bibi, kana kwamba Severina ndiyo kwanza anafika.

Madam akaushangaa mshangao wa Severina. Kumbe hakujua kuwa mama ni mzaliwa wa Unguja? Alidhani waliomba Mtanzania kwa ajili ya nini? Zaidi ya mwaka mzima bibi alikuwa amejifanya hamnazo kwa makusudi, maana wasichana wa kazi wakijua anasikia Kiswahili, huacha kusema yenye ladha.

Kisha bibi akaanza kumtafsiria mkwewe kwa Kiarabu, na Severina, ambaye Kiarabu kimeshamwingia, akasikia kila neno.

"Anasema mnyama huyu hana ubaya. Ana mtu wake ng'ambo ya bahari. Ameomba ruhusa ya kwenda kumwona, kila mkubwa anamwambia inshallah. Sasa amechoka, anakanyaga."

"Na hilo neno madam?"

"Anakuita wewe, uje utazame."

Madam akatazama. Aliangalia filamu mpaka mwisho, mtu wa mpira alipoingia majini polepole, mabega yameinama, na mji nyuma yake unafuka moshi. Halafu akachukua mkoba wake.

"Yalla, haya," akamwambia Severina bila kumtazama. "Mwezi mmoja. Kesho nitaongea na baba watoto kuhusu tiketi."

Alipotoka, bibi akamvuta Severina mkono.

"Ukinchelewea hata siku moja, n'tamtafsiria filamu yote tangu mwanzo, na hapo sitopunguza neno." Akapunguza sauti. "Kamsalimie Redempta. Mwambie bibi yake wa Dubai hapendi kumsikia mama yake akilia jikoni."

Jina lile Severina hakuwa amemtajia mtu yeyote katika nyumba ile. Akakaa sakafuni, kichwa kwenye magoti ya bibi, akalia, na safari hii hakushika kitunguu.