Kila Mtu Alisema Amekua

Nikiwa kijana niliandikwa kuchunga ng'ombe kwenye ranchi moja huko Konza. Kulikuwa na kinu cha upepo cha kuvuta maji, chuma tupu, kinalia kwii, kwii, kutwa nzima, hata ukila unakisikia kwenye meno. Tulikitukana sana. Siku moja kikanyamaza, na ng'ombe wote wakainua vichwa kabla sisi hatujajua kuna nini. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini hilo nililishika. Kelele hainitishi, hunitisha ikikatika.

Ranchi yenyewe sikukaa, mpishi wa pale alinichukia bure. Wacha niseme nilichotaka kusema. Kijana wangu alikuwa akimnyoosha mtoto wake miguu huku anaimba. Huyu mjukuu alizaliwa na miguu inayokaza, magoti yanavutana kama makasi. Mama yake anafanya kazi kiwandani huko Athi River, anakuja Jumapili. Mikono yangu mimi inatetemeka kwa uzee. Basi kazi ikawa ya kijana: asubuhi na jioni anamlaza mkekani, anasukuma wayo polepole, anaimba nyimbo za kanisa akizigeuza maneno, mtoto anacheka. Na kila wiki tunampeleka hospitali, Machakos mjini.

Mama wa mazoezi pale hakutuficha. "Hii haina likizo. Mkiacha, misuli itajikunja, na ikijikunja kabisa hatasimama."

"Mpaka lini?" kijana akauliza.

"Mpaka amalize kukua. Mfupa unakimbia, msuli unabaki nyuma."

Sasa watu wetu wakimwona mtoto, salamu ni hiyo moja. Kanisani wanamshika shavu: "Huyu amekua jameni. Mnamlisha mbolea?" Mimi nacheka nao. Kijana anaangalia ile miguu kama mtu aliyeona ufa kwenye ukuta wake.

Halafu akaacha kuimba. Mtoto akamwambia, "Baba, imba." Akasema koo linamuuma. Koo likauma mwezi mzima.

Nikamwambia, "Pumzika kidogo, tutafute mtu wa kukusaidia."

"Mtu gani, Baba? Wewe?"

Hakusema kwa ubaya. Nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Wiki iliyofuata, hospitalini, yule mama wa mazoezi alijaribu kumvalisha vile viatu vya plastiki vya kunyoosha nyayo. Vikakataa. Akamtania mtoto, "Umekua, mrembo. Tutakupimia vingine." Kisha akamgeukia kijana: "Na mazoezi sasa tuyaongeze."

Kijana alimwinua mtoto, akamweka mapajani mwangu, akamvuta soksi vizuri. "Mshike kidogo, Baba."

Nikamwona dirishani akivuka uwanja. Hakukimbia, wala hakugeuka.

"Umau, anaenda wapi?" mjukuu akaniuliza; umau kwetu ni babu.

Nikamwambia, "Anatafuta maji, babu yako ana kiu."

Nilikuwa nimeshika magoti yake, nayasikia yakikaza chini ya viganja vyangu. Askari alifungua geti, kijana akatoka, akashika barabara. Hajarudi mpaka leo.