Bingwa Aliyeambiwa Arudie

Siyo kweli, kocha. Hata useme tena mbele ya ukumbi mzima, siyo kweli kwamba Zulfa aliacha jimnastiki kwa sababu ya mume. Nilipomtaja uliniambia, "Mtu aliyekimbilia ndoa atakufundisha nini wewe, Devota?" Wenzangu wakacheka, mimi nikanyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Nimelifuata mpaka Chemba, na naliandika hapa ili klabu nzima ilisome, pamoja na wale waliocheka.

Kwa asiyetujua, sisi ni wasichana, wakubwa na wadogo, tunaofanya mazoezi kwenye ukumbi wa kuazima kule Chimwaga, Dodoma. Watu wanaita sarakasi, na Kocha Gaspa hukasirika kama ametukanwa. Boriti yetu, ule mti mwembamba wa kutembelea na kurukia, ilichongwa na fundi seremala, tukaifunga zulia juu. Zulfa ndiye mwanamke pekee wa huku kwetu aliyewahi kurudi kutoka nje ya nchi na dhahabu ya boriti. Mimi kwenye boriti najiweza, kasoro kushuka. Unatakiwa upinduke hewani kinyumenyume, utue kwa miguu miwili na usimame wima. Mimi natua kwa magoti. Kocha anachojua ni kupiga kelele, "Simama! Simama!" kana kwamba nakaa kwa hiari. Timu ya kwenda nje inachaguliwa wiki ijayo na anayechagua ni yeye. Nikaona nimtafute mtu aliyewahi kusimama.

Alhamisi asubuhi, Area D. Mama alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo mama. Naenda Chemba, narudi kesho."

"Marahaba. Chemba kuna nini?"

"Kuna mtu."

"Wa kiume?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Chukua sweta."

Basi lilitoka stendi likiwa limechelewa, na mimi kusubiri siwezi, kwa hiyo nilifika Msalato nikiwa tayari nimenuna. Pale nikauona dirishani uwanja ambao Jumamosi tungefanyia maonyesho ya sherehe ya vijana. Walikuwa wanasimamisha mahema. Ardhi nyekundu, kokoto mpaka katikati. Nikajisemea bila shaka watatandika kitu. Wazo likanitoka.

Baada ya Veyula na mashamba ya zabibu ya Makutupora, nchi inakauka ghafla. Miiba, ng'ombe waliokonda, mtu mmoja na fimbo yake, halafu tena miiba. Mwezi huu kila kitu ni rangi ya vumbi, hata mbuzi weupe. Jirani yangu wa kiti alilala mdomo wazi toka Mayamaya, nikamwonea wivu.

Chemba, mchana. Nikashuka nikachukua bodaboda kuelekea magharibi, maana Zulfa anakaa kijijini kwao, kwa Wasandawe. Nilipotaja jina, dereva hakulijua. Nikasema yule aliyekuwa anaruka.

"Aaa, Bingwa! Bingwa wa supu! Sema hivyo, dada. Leo mnada, yuko mnadani."

Nikamkuta kweli, nyuma ya zizi la kuuzia ng'ombe, chini ya kibanda cha mabati, na sufuria mbili kubwa na chapati zimefunikwa kitambaa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, shingo imenyooka. Ukimwangalia akiwa amesimama, unaona kabisa mtu wa boriti. Akitembea huoni. Mguu wa kulia haukunjiki. Anauzungusha kwa pembeni kama anafungua geti.

Mchuuzi mmoja wa ng'ombe, tumbo kubwa, akapaza sauti, "Bingwa! Pinduka moja tuone, nanunua sufuria lote!"

"Pinduka wewe kwanza," akajibu bila kugeuka. "Kitambi kitangulie, wewe utafuata."

Watu wakacheka, naye akacheka. Nadhani kila mnada wanasema hivyohivyo na yeye anajibu hivyohivyo. Mimi sikuweza kucheka.

"Shikamoo dada Zulfa. Naitwa Devota, natoka Dodoma, klabu ya Kocha Gaspa."

Upawa ulibaki hewani kidogo.

"Marahaba. Amekutuma yeye?"

"Hapana. Hataki nije."

"Hapo sasa umekaribia kukaribishwa. Kaa, menya vitunguu. Mtu akikaa mikono mitupu mbele yangu siongei naye."

Nikamenya. Nikamweleza shida yangu ya kushuka, na timu, na alivyosema kocha kuhusu ndoa. Hapo akaweka upawa chini.

"Mume? Gaspa anasema mume?" Akaita kwa lugha yao, ile ya kugonga ulimi, na mama yake, bibi mfupi aliyekuwa anasuza bakuli, akajibu kitu na kutema mate pembeni. "Mama anasema hiyo ni zawadi yangu ya pili kutoka kwa Gaspa. Ya kwanza ni hii." Akapiga goti lake kwa kiganja, kama mtu anavyopiga meza.

Haya ndiyo aliyonieleza, wateja wakija na kuondoka.

Alianzia kwenye halaiki. Alikuwa darasa la nne, shule yao ikaletwa mjini na shule nyingine, watoto uwanja mzima kujipanga kuwa ua, kuwa ngao, kuwa mwenge, kwa sikukuu ya taifa. Zulfa alikuwa mtoto wa juu kabisa kwenye mnara wa watoto. Mwalimu kijana akamwona hatetemeki. Huyo ndiye Gaspa. Akamwombea ruhusa kwa wazazi, akamtafutia shule mjini, akamweka nyumbani kwa dada yake mwenyewe. "Siwezi kudanganya, alinilea," alisema. "Mkewe alikuwa ananisuka nywele kila mashindano."

Magodoro waliyoshukia yalijazwa maganda ya mahindi. Akiwa kidato cha tatu akachukua ubingwa wa nchi. Kidato cha nne wakampeleka nje, akakutana kwa mara ya kwanza na boriti ya kweli, inayorudisha mguu kidogo ukikanyaga. Akaogopa. Halafu akaipenda, akashuka vizuri kuliko alivyowahi kushuka maisha yake yote, wakampa dhahabu.

"Niliposimama pale chini nilijua," alisema. "Kabla ya majaji. Miguu yenyewe inakwambia."

Wakarudi. Wilaya ikaandaa mapokezi. Ratiba ilisema saa nne mgeni rasmi atawasili, saa nne na nusu bingwa ataonyesha. Uwanja wa shule, kokoto, wametandika turubai, boriti imewekwa juu ya matofali. Saa nne hakuna mgeni. Wazazi wamekaa juani, watoto wanalia, Gaspa akasema aonyeshe ili watu watulie. Akaonyesha. Makofi, vigelegele. Akala pilau, akakunywa soda, akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka mwili ukapoa kabisa. Jua limeshaanza kulala ndipo magari yakaingia.

Hapo naomba kila anayesoma asimame kidogo, maana sote tunajua kilichofuata. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa arudie ngoma, ngonjera, kwaya, kwa sababu mgeni rasmi ndiyo kwanza amefika? Tumefanyiwa toka chekechea. Hatuoni hata kama ni ajabu.

"Gaspa akaja kuniinamia," alisema Zulfa. "Akasema, rudia mwanangu, mgeni hajaona, usituaibishe. Nikamwambia nimepoa. Akasema ni mara moja tu. Na mimi nikapanda. Hakunipandisha kwa fimbo, nilipanda mwenyewe. Nilikuwa napenda makofi, nikufiche nini?"

Akashuka. Turubai likateleza juu ya kokoto, goti likaenda upande wake na yeye upande wake.

"Ukaanguka."

"Nikaanguka. Na wakapiga makofi, Devota. Walidhani ndivyo inavyoishia. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, mnaona bingwa wetu anavyosujudu kwa mgeni rasmi!"

Yule mchuuzi wa ng'ombe alikuwa amerudi kuongeza supu. Alilishusha bakuli lake, akarudi zizini bila supu.

Wakamnyanyua wakamkalisha kwenye kiti. Hawakumpeleka hospitali. Mgeni rasmi alikuwa hajazungumza, na mgeni rasmi akiwa hajaondoka, hakuna kuondoka. Akakaa kusikiliza hotuba kuhusu michezo na maendeleo ya vijana, goti linavimba mpaka mshono wa nguo ukaachia. Alivyoondoka mgeni, magari yote yaliondoka naye. Aliyempakia Zulfa ni dereva wa lori la mchanga aliyekuwa anapita.

"Huyo ndiye mume," akasema. "Aliendelea kunipeleka kliniki, mwishowe akanioa, nikiwa na magongo. Kwa hiyo mwambie Gaspa, sikukimbilia ndoa. Nisingeweza kukimbilia hata choo."

Jioni tulirudi nyumbani kwake kwa miguu, mimi nimebeba masufuria. Nikamwomba anifundishe kushuka. Nilishapaona njiani pa kufanyia, korongo lisilo na maji, mchanga laini mtupu. Nikamwambia hata mara tatu tu.

"Hapana."

"Dada, nimetoka mbali."

"Najua. Nikikufundisha kushuka vizuri, watakupandisha tena mara ngapi?"

Nilikasirika, sitasema uongo. Nikamjibu kwamba goti lake siyo goti langu, na kwamba kama yeye alipenda makofi, mimi napenda timu. Akasema, "Kula ulale, una mdomo kama nilivyokuwa mimi." Ugali wa uwele na mlenda, mama yake akanisukumia asali. Bibi akauliza kitu, Zulfa akanitafsiria: "Anauliza kama na wewe ni wa kurushwarushwa." Nikasema ndiyo. Bibi akaniongezea asali.

Ijumaa alfajiri nilimwona anavyoamka. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili, anaushusha chini taratibu, halafu anasubiri. Anasubiri tu, macho ukutani, mpaka ukubali. Niligeuka nikajifanya nimelala. Hasira zangu ziliishia hapo.

Kunisindikiza hakunisindikiza. Alisema, "Msalimie mke wa Gaspa," akaendelea kukanda unga wa chapati.

Wakati wa kurudi, basi lilisimama Msalato kushusha watu. Uwanja ulikuwa tayari. Mahema meupe, viti vya kifahari mbele, vya plastiki nyuma. Katikati walikuwa wametandika turubai la bluu juu ya kokoto zilezile, na pembeni boriti yetu ya Chimwaga, juu ya matofali.

Simu ikaita hapohapo.

"Devota, uko wapi? Kesho mapema, na nguo za maonyesho. Wale wadogo nao waje."

"Kocha, magodoro yanakuja?"

"Magodoro yanaharibu sura ya uwanja. Kuna turubai."

"Na mgeni rasmi akichelewa?"

"Tunawaonyesha wazazi, akifika tunarudia. Leo ndiyo umezaliwa?"

"Nimetoka kwa Zulfa."

Nikasikia tu watu wanaongea nyuma yake. Nilitaka aseme kitu, chochote, hata anigombeze.

"Majina ya timu napeleka Jumatatu," akasema. "Ujipange vizuri." Akakata.

Kwa hiyo nilichojifunza safarini siyo kushuka. Bado natua kwa magoti. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukulea, mkewe akakusuka nywele, na siku ya siku akamchagua mgeni wa kiti cha mbele badala yako, halafu akakutungia sababu. Na kwamba Zulfa alikuwa na neno moja la kusema siku ile, hapana, akaona aibu kulisema mbele ya watu.

Nimeshamwambia mama. Ameniuliza kama nimeifikiria vizuri timu. Nimeifikiria, nimelia, basi. Kesho asubuhi nafika Msalato kabla ya Kocha Gaspa. Nitasimama pale wanaposhukia wazazi, na kila mama anayeleta mtoto wetu mdogo nitamweleza habari ya goti la Zulfa, kwa jina, na habari ya turubai. Atakayetaka kumrudisha mwanawe nyumbani nitamshikia begi. Halafu nitakwenda kwa kocha, nitamwamkia kama kawaida, nitamwambia sipandi boriti bila magodoro, na yakiletwa nitapanda saa iliyoandikwa kwenye ratiba, mara moja tu. Nikishuka, hata kwa magoti, navaa viatu.