Mlango Uliokwenda Hotelini

Mdogo wangu wa kiume alirudi kutoka Asia na masanduku ya simu za kuuza na wazimu mmoja. Alikuwa amepita katika mji wa kale huko, kando ya mto, ambako nyumba za wafanyabiashara wa zamani zimegeuzwa hoteli na wageni wamejaa hadi barabara hazipitiki. "Yaya, watu wanalipa juu ya kuangalia mulango tu," aliniambia mimi dada yake. "Na sisi hapa Kindu, milango yetu inaoza." Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Mlango wetu haukuwa unaoza. Ulikuwa wa mbao nzito, umechongwa maua pembeni, na babu aliuweka siku alizojenga ile nyumba ya udongo. Kwetu maiti hatolewi kwa mlango wa jikoni. Hutoka kwa mlango mkubwa, majirani wote wakiona, maana anaondoka kwake. Mlango wa jikoni ni wa kuni, maji na kuku.

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, hakuna aliyethubutu kwenda msituni kutafuta kuni. Wanawake waliojaribu, wengine hawakurudi. Basi tulipikia vitu vya nyumba. Tulichoma viti, tukachoma kitanda, tukachoma hata kinu, sombe, kisamvu chetu, tukawa tunaiponda juu ya jiwe. Mdogo wangu alikuwa bado mtoto, analala chini kwenye mkeka na kukohoa. Jirani akamshauri mama auvunje mlango, kwani ungetosha kupikia siku nyingi.

"Kitanda kitachongwa tena," mama alimjibu. "Lakini baba yao atatokea wapi?"

Baba alikuwa ndani, homa imemmaliza. Juma lile lile alitoka kwa mlango ule. Baadaye askari walipokuja na shoka kutafuta kuni, mama aliuegemea kwa mgongo. Walipiga shoka mara moja kando ya bega lake, wakaona hasogei, wakaenda nyumba nyingine. Alama ilibaki kwenye mbao.

Amani iliporudi, wageni nao wakaanza kuja, wachache wachache, wakiuliza mambo ya kale. Ikaundwa kamati ya kulinda nyumba za zamani, na mdogo wangu akawa ndiye msemaji wake, maana maneno hayajawahi kumpungukia. Alimwambia mama kwamba mlango utapelekwa kutibiwa mchwa, kisha utarudi. Mama alikubali. Mtoto wake wa kiume alikuwa huyo mmoja tu, asipomwamini yeye angemwamini nani? Wakatuwekea mlango wa chuma unaopiga kelele kila ukifungwa.

Kila alipokuja kututembelea, mama alimuuliza, "Mulango wangu umepona?"

"Bado kidogo, mama," alijibu, huku anakula wali wake bila haya.

Niliuona mwenyewe nilipopeleka samaki kwenye hoteli mpya karibu na mto. Mlango wetu ulikuwa umesimamishwa ukutani, umepakwa mafuta, umewashiwa taa. Mbele yake alisimama mdogo wangu, akiwasimulia wageni kwa Kifaransa jinsi yeye alivyouegemea wakati wa vita na askari wakapiga shoka kando ya bega lake. Bega lenyewe aliwaonyesha. Mama mmoja wa kigeni alifuta machozi. Mimi nilishika karai langu la samaki kwa mikono miwili ili nisimpige nalo. Kikulacho ki nguoni mwako, nimelisema neno hilo maisha yangu yote bila kulijua.

Nilimweleza mama kila kitu. Mwanawe alipokuja tena, mama hakumuuliza habari za kupona. Alimwambia tu, "Siku yangu, mutanipitisha kwa jiko."

Siku yake ilifika. Tulipokwisha kumwosha na kumvisha sanda, mdogo wangu akaja na gari, mlango umefungwa kamba nyuma. "Mwenye hoteli amekubali kutuazima mpaka magharibi," alisema. "Tuusimamishe, yaya, mama atoke muzuri."

"Mama hatoki kwa mulango ya kuazima," nilimwambia.

Jeneza likapita jikoni, kando ya mafiga, kuku wakitawanyika. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na sioni aibu kulisema. Kwetu wanawake hatufiki makaburini. Mwana wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake. Nikamtafuta kati ya wanaume waliobeba. Alikuwa kwenye gari, anakaza kamba za mlango.

"Kuko wageni wanashuka na ndege leo," alisema bila kunitazama. "Nitarudisha hii upesi, nitawakuta kule kule."

Hakuwakuta. Mama alipokewa kaburini na mtoto wa watu.