Chupa Namba Saba

Fundi wetu wa maabara huotesha vitunguu juu ya vichupa vya dawa za mitishamba, mizizi ikizama ndani, kisha huchungulia ncha zake kwa hadubini kuona kama dawa inaharibu seli. Huhesabu seli elfu moja, kidole gumba kikibonyeza kihesabio. Kromosomu iliyokatika huipokea kwa neno moja: "Haya." Ukimsemesha katikati anaanza upya, na salamu hupati wiki nzima. Jana "haya" zilifululiza mpaka elfu ikatimia.

"Hiyo chupa namba saba ya nani?" nikauliza.

"Ya mama. Dawa yake ya mgongo."

"Bado anainywa?"

"Tangu akiwa na mimba yangu."

Akafuta lenzi, iliyokuwa safi, akarudisha kihesabio kwenye sifuri.