Kasmirah Arudisha Wali

Boksi la tatu lilifika Ijumaa asubuhi, bado linatoa mvuke. Ndani mlikuwa na wali, paja la kuku, tambi na yai. Juu yake kadi yenye picha ya maharusi wakitabasamu kama wagombea udiwani. Vijijini Klaten, kisiwani Java, boksi la namna hiyo halina risiti, ila kila mtu anajua bei yake. Ukilipokea, umekubali kwenda harusini na bahasha ya pesa. Ukilila, ndiyo kabisa: umetia sahihi kwa meno.

Kasmirah alilitazama paja la kuku. Paja nalo likamtazama.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mpishi wa tempe, zile keki za soya iliyochachushwa kwenye majani ya mgomba. Pesa zake aliziweka katika makopo manne: mchele, umeme, soya, harusi. Kopo la harusi lilikwisha kukombwa na maboksi ya Jumatatu na Jumatano. La soya lilikuwa na rupia laki moja na elfu kumi, bei ya kilo kumi. Asiponunua kesho, Jumanne hana cha kuuza, na Jumatano hana mtaji. Wataalamu wa mipango ya fedha wangemshauri apunguze anasa. Labda aache kupumua.

"Pokea basi, naungua mkono," alisema Jumiyem, jirani aliyetumwa kulileta.

"Rudisha."

"Eti?"

"Mwambie Mama Darsono ahsante, wali nimeuona, unapendeza. Haya, rudi nao."

"We Kasmirah, umelogwa? Wali wa mwaliko haurudishwi! Hata babu yako hakuthubutu."

"Babu alikuwa na ng'ombe wawili. Wote waliishia harusini kwa watu. Mimi sina ng'ombe."

Haikupita nusu saa, Mama Darsono akaja mwenyewe, mke wa mwenye tanuri la matofali, bangili zikilia, boksi mkononi. Wanawake waliokuwa kisimani wakasahau ndoo zao.

"Dada Kasmirah, nasikia kuku wangu ana kasoro."

"Kuku mzima, dada. Mgonjwa ni mfuko wangu."

"Lo! Bahasha ni hiari. Nani amekutajia kiasi?"

"Hakuna. Ila bahasha inaandikwa jina, na mlangoni mnaweka karani. Hiari gani ina karani?"

Kisimani mtu alipaliwa kwa kicheko. Mama Darsono akabana midomo.

"Binti yako alipoolewa, nilileta laki."

"Na mwanao mkubwa alipooa, nikakuletea laki. Tukawa sawa. Hii raundi mpya umeianzisha wewe, hukuniuliza."

"Kwa hiyo huji?"

"Naja vizuri sana! Jumapili alfajiri nipo jikoni kwako, namenya vitunguu mpaka macho yatoke. Nitampa mkono bibi harusi, nitakaa, nitakula. Bahasha sina. Kama hunitaki hivyo, sema sasa hivi, hawa wasikie."

Mama Darsono alitazama kisimani. Alikuwa na wageni mia sita, na wamenyaji wa vitunguu walikuwa haohao.

"Njoo," alisema, kama anayeng'olewa jino. "Na boksi chukua tu. La bure."

"Niandikie juu yake, 'la bure', na jina lako."

Mama Darsono aliondoka na boksi lake.

Jumamosi Kasmirah alinunua soya, kilo kumi kamili. Jumapili alimenya vitunguu tangu alfajiri, kisha akanawa, akavaa kebaya, blauzi yake ya sherehe, na kupita mbele ya karani mikono mitupu, akiipunga ili ionekane vizuri. Alikaa safu ya mbele.

"Watu wanakusema," Jumiyem alimnong'oneza.

"Waseme. Kunisema hakuna kiingilio."

Alikula sahani mbili, hakuharakisha hata tonge moja. Hotuba zilipoanza akainuka, akaaga kwa sauti. Soya ilikuwa imelowa tangu alfajiri, ilitaka kuchemshwa, na yeye ndiye aliyeinunua.